SOMO LA SITA: KITU KILICHONYANG'ANYWA NA MIKONO IPOKEZANAYO

Kwa jina la Mwenyezi Mungu twaanza, na kwake twaomba msaada. Ama baada ya hayo, katika somo lililotangulia tulieleza khabari ya amana na wajibu wa kuirudisha kwa mwenyewe. Leo twataka kueleza kinyume cha amana, nacho ni kitu kilichotwaliwa kwa nguvu pasipo haki. Twakieleza kwa mifano ya nchi yetu hii ya Ugogo na nchi zilizo jirani, kwa kuwa mtu hulifahamu zaidi jambo alionalo mlangoni pake kuliko lile asomalo la nchi za mbali.

Nasi hapa Zuzu jambo hili li mlangoni petu kweli. Mahali hapa palikuwa pa mashamba ya mtama na uwele na malisho ya ng'ombe. Leo ni kata katika Jiji la Dodoma, na kila mwenye shamba ameona au amesikia khabari za wapimaji, mawe ya mipaka, madalali na viwanja. Wazee huuliza, "Ardhi hii ni ya nani?" Vijana hujibu, "Ni ya serikali." Basi somo hili lachunguza jawabu hilo lilitoka wapi, lilianza lini, na kama ni haki.

I. MAANA YA GHASBI NA HUKUMU YAKE

Jua, ewe ndugu msomaji, kwamba wanavyuoni wa sharia hukiita kitendo cha kushika haki ya mtu kwa jeuri ghasbi. Si lazima mtu apige wala achome nyumba. Akikaa tu juu ya haki ya mwenziwe na kumzuia nayo, amekwisha kughasibu.

Hukumu zake zilizo mashuhuri katika vitabu vya fikihi ni hizi:

(1) Kitu chenyewe kikiwapo, kirudishwe chenyewe.

(2) Kikiwa kimeharibika au kimepotea, ilipwe badala yake, mfano au thamani.

(3) Kikiwa ni kitu chenye manufaa, kama nyumba au shamba, ulipwe na ujira wa muda wote kilipozuiwa.

(4) Toba ya mnyang'anyi haitimii kwa machozi peke yake. Haki ya Mwenyezi Mungu husamehewa kwa toba, na haki ya mja ni mpaka irudi kwa mja, au mwenyewe asamehe kwa radhi yake.

(5) Mikono inayofuata baada ya mkono wa mnyang'anyi, nayo ni mikono ya dhamana. Aliyenunua kwa mnyang'anyi, aliyepewa zawadi naye, na aliyemrithi, kila mmoja wao hudaiwa, hata kama hakujua. Kutojua humwondolea dhambi, wala hakumwondolei deni.

Hukumu hii ya tano ishike sana, kwani ndiyo roho ya somo letu. Watu wengi hudhani kwamba mnyang'anyi akiondoka, deni limeondoka pamoja naye. Sivyo. Deni hukifuata kitu na hukaa kwa yeyote aliyekishika. Wala kupita kwa miaka hakuigeuzi dhulma ikawa halali. Methali isemayo "mla ni mla leo, mla jana kala nini" ni maneno ya mtu mwenye njaa. Kadhi haitumii katika hukumu.

Tena jua kwamba vitu vya mwanadamu vilivyo haramu kuguswa bila haki ni vitatu: damu yake, mali yake, na heshima yake. Tutaona kwamba katika Ugogo vyote vitatu viliguswa.

II. UGOGO KABLA YA WADACHI

Katika karne ya kumi na tisa njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo. Mashariki yake palikuwa na nyika kavu iitwayo Marenga Mkali, na magharibi yake palikuwa na pori la Mgunda Mkali. Msafara uliotoka katika nyika moja, ukiwa na kiu na njaa, ukitazamia kuingia katika pori la pili, ulipata chakula na maji kwa Wagogo. Maji na nafaka viliuzwa, na kila mtemi alitoza hongo ya nguo, shanga na waya kabla ya kuruhusu msafara kupita. Wasafiri wa Kizungu walinung'unika sana kwa hongo hiyo katika vitabu vyao. Lakini fikiri, ewe msomaji: anayetoza ushuru mpakani pake, naye akalipwa, ni mtu anayejulikana kuwa mwenye nchi. Hakuna aliyepita Ugogo siku zile akisema kwamba ardhi ile haina mwenyewe.

Wala tusijisahau nafsi zetu. Misafara ile mingi ilikuwa ya watu wa pwani, nao walikuwa watu wa dini yetu. Mingine ilibeba pembe za ndovu, na mingine ilibeba wanadamu katika minyororo. Mtu mwadilifu haanzi hesabu ya dhulma kwa jirani yake akaiacha ya nyumba yake. Twalitaja jambo hili lisije likasemwa kuwa twadai haki kwa ulimi mmoja na kuificha kwa mwingine.

III. JAMBO LA KWANZA: ARDHI, AU UNYANG'ANYI KWA NENO

Wadachi, yaani Wajerumani, walipokwisha kuitwaa nchi, walitoa amri tarehe 26 Novemba 1895. Amri hiyo ilisema kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni ardhi ya taji, yaani ya mfalme wao, Kaisari. Nani angeamua kuwa ardhi fulani ina mwenyewe au haina? Ni wao wenyewe walioitoa amri. Malisho yaliyoachwa mwaka mmoja yapate kuota majani, hayana mtu juu yake. Shamba lililopumzishwa lirudishe nguvu, halina jembe juu yake. Kwa macho ya mgeni, vyote viwili vyaonekana vitupu. Kwa mwenyeji, ni akiba yake ya mwaka ujao.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia Waingereza waliipokea nchi. Mwaka 1923 walitunga sheria ya ardhi iliyosema kwamba ardhi zote za Tanganyika, zikaliwazo na zisizokaliwa, ni ardhi za umma chini ya mamlaka ya Gavana. Mwaka 1928 sheria ikarekebishwa, ikatambua kwamba mwenyeji anayekaa kwa mila ana haki ya kukaa. Angalia tofauti ya maneno hayo: haki ya kukaa, si haki ya kumiliki. Mwenye nchi alilala usiku akiwa mwenyewe, akaamka asubuhi akiwa mpangaji, wala hakuna aliyekuja kumfukuza. Nyumba ilikuwa ile ile na ng'ombe ni wale wale. Lililotwaliwa ni neno, na neno ndilo linalotazamwa siku ya kesi.

Kutokana na neno hilo likazaliwa jambo jingine lililodumu zaidi ya ukoloni wenyewe. Kwa muda mrefu serikali ilipotwaa shamba la mtu, fidia ilihesabiwa kwa vilivyo juu ya ardhi: nyumba, mti, mazao. Ardhi yenyewe ikiwa tupu haikuhesabiwa kuwa na bei. Wazo hili lilibaki katika sheria baada ya Uhuru wa mwaka 1961, likabaki katika sheria ya kutwaa ardhi ya mwaka 1967, wala halikuachwa wazi wazi mpaka zilipotungwa sheria mpya za ardhi za mwaka 1999. Basi mtu aliyerithi malisho ya babu yake, pasipo kujenga wala kupanda miti, alihesabiwa kuwa hana kitu.

Mfano wa jambo hili u karibu nasi, nao ni Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza huko mpango mkubwa wa kulima karanga, wakikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu katika Tanganyika na nchi jirani, ili Uingereza ipate mafuta ya kula. Walileta matrekta na mashine za vita. Hawakuwauliza wenyeji khabari ya mvua wala khabari ya udongo. Udongo wa Kongwa wakati wa jua hukauka ukawa mgumu kama matofali, na karanga hazikung'oleka. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya kupotea fedha zipatazo pauni milioni 36. Jambo hili husimuliwa kama kichekesho cha mipango mibaya. Lakini uliza swali la sharia: mpango ulipokufa, ardhi ilirudi kwa nani? Sehemu kubwa ya Kongwa ilifanywa ranchi ya ng'ombe ya shirika la serikali ya kikoloni, na baada ya Uhuru ikapokewa na shirika la taifa. Mkono ulipokeza mkono. Mwenye malisho alisimama nje ya ua akiwatazama ng'ombe wa serikali wakila majani ya kwao.

IV. JAMBO LA PILI: DAMU, AU NJAA YA MTUNYA

Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Iliwarahisishia watu safari, na ikayarahisishia majeshi kazi. Ilipokuja vita ya mwaka 1914, Ugogo ikawa mahali pa kuchota: ng'ombe wa kulisha askari, nafaka ya kulisha wapagazi, na vijana wa kuwa wapagazi. Wadachi walichota. Waingereza walipoingia Dodoma mwaka 1916, nao wakachota. Vijana waliokuwa wa kulima walikuwa njiani wakibeba mizigo ya vita isiyokuwa yao, na wengi hawakurudi.

Kisha mvua zikakosa. Ugogo ni nchi ya ukame, na watu wake wameujua ukame tangu zamani. Kinga yao ilikuwa akiba ya ghalani, ng'ombe wa kubadilisha kwa chakula, na nguvu za vijana wa kwenda kutafuta mbali. Kinga zote tatu zilikuwa zimetwaliwa. Njaa iliyofuata, tangu 1917 hata 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Na mwaka 1918 ugonjwa wa homa ya mafua ulioenea dunia nzima ukawakuta watu waliokwisha kudhoofika. Hesabu iliyoandikwa ni kwamba watu wapatao 30,000 walikufa, yaani takriban mmoja katika kila watano. Jamaa zilitawanyika, na wengine walihamia nchi za mbali wasirudi tena.

Atakuja mtu aseme, "Mvua ni kadari ya Mwenyezi Mungu, haina wa kulaumiwa." Twajibu: mvua ni kadari, na hilo hatuna shaka nalo. Lakini mtu akikunyang'anya mwavuli, kisha mvua ikanyesha ukalowa, huyo aliyenyang'anya haponi kwa kutaja kadari. Kuliondoa ghala la mtu ni kazi ya mkono wa mwanadamu, na mkono huo una hesabu.

V. JAMBO LA TATU: HESHIMA

Hili ndilo tulilolikusudia zaidi, kwa kuwa mali na damu huandikwa katika vitabu, na heshima huondoka bila kuandikwa.

Baada ya Mtunya na njaa nyingine zilizofuata, Mgogo aliyekwenda mijini kutafuta chakula alionekana akinyosha mkono. Watu wa mijini hawakuuliza ni nani aliyelitoa jembe katika mkono huo. Walitunga kejeli tu, na kejeli ikawa jina la kabila zima, mpaka leo mtoto wa Kigogo katika shule za mbali huchekwa kuwa ni wa watu wa kuombaomba. Wale ambao babu zao waliwauzia misafara chakula na maji, wakalipwa hongo na kila mpita njia, wameitwa waombaji katika nchi yao. Hebu tazama namna dhulma inavyojificha: kwanza hutwaa mali, kisha hugeuka ikamcheka aliyekosa mali, na mwisho yeye mwenyewe huamini kwamba ndivyo alivyoumbwa.

Basi jua kwamba ulimi ni mkono pia. Anayeidumisha kejeli ile leo, awe wa pwani au wa bara, Mwislamu au asiye Mwislamu, ni mmoja katika mikono ipokezanayo. Ameipokea heshima ya watu iliyonyang'anywa, na yuaishika bado.

VI. MIKONO ILIYOFUATA BAADA YA UHURU

Twasema kwa adabu na kwa kweli. Bendera ilibadilika mwaka 1961, na hilo ni neema kubwa. Lakini serikali iliyopokea nchi ilipokea na lile neno la mwaka 1923. Mahali pa Gavana pakaandikwa Rais, na ardhi yote ikaendelea kuwa ya umma chini ya mamlaka ya juu. Nia ilikuwa njema, nayo ni kuzuia ardhi isinunuliwe na matajiri wachache. Hata hivyo, chombo kilichotengenezwa kwa kutwaa hutwaa, hata kikishikwa na mkono mwema.

Mfano ulio wazi ni wa Hanang, kaskazini ya nchi yetu, kwa Wabarabaig, watu wa ng'ombe. Kuanzia mwaka 1970 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilifungua huko mashamba makubwa ya ngano, na shirika la NAFCO likashika maelfu ya ekari ya malisho yao yaliyo bora. Palikuwamo makaburi ya wazee wao, yale yanayojengwa kwa udongo yaitwayo bung'eda, na mengine yalilimwa kwa matrekta. Mwaka 1981 wanakijiji wa Mulbadaw walilishitaki shirika hilo. Mahkama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahkama ya Rufani iliitangua hukumu hiyo, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba wanakijiji hawakuthibitisha kuwa wao ni "wenyeji" kwa maana ya ile sheria ya mwaka 1923. Ewe msomaji, simama hapa kidogo. Miaka 24 baada ya Uhuru, mwenye nchi aliambiwa athibitishe uenyeji wake kwa kipimo kilichoachwa na mgeni.

Na hapa kwetu Dodoma, mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu ya nchi yahamie huku, ikaundwa mamlaka ya kustawisha mji, nayo ikapewa ardhi yote ya eneo la mji mkuu. Mji mkuu kuwa katikati ya nchi ni jambo jema kwa taifa, wala hatulipingi. Lakini wakulima wa vijiji vilivyozunguka walijikuta tena ni wakaaji kwa ruhusa juu ya mashamba ya baba zao. Malalamiko ya ardhi yalikuwa mengi, mpaka mwaka 2017 Rais Magufuli akaivunja mamlaka hiyo, na kazi zake zikapelekwa kwa manispaa, iliyofanywa Jiji mwaka 2018.

VII. MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Mwanafunzi akiuliza: "Wakoloni walituletea reli, hospitali na shule. Je, hayo hayatoshi kuwa fidia?" Ajibiwe: aliyekunyang'anya shamba, kisha akajenga juu yake kisima, hawezi kusema kwamba kisima ni bei ya shamba. Bei hukubaliwa na wawili. Tena reli ile ilijengwa kwa jasho la watu wa nchi hii.

Akiuliza: "Waliodhulumiwa wamekwisha kufa, na waliodhulumu wamekwisha kufa. Nani atamlipa nani?" Ajibiwe: haki ya maiti hurithiwa, na deni la maiti hutolewa katika alichokiacha kabla warithi hawajagawana. Dola haifi kama afavyo mtu. Yaliyo katika hazina na makumbusho yake ni tirka yake, na madeni yake yamo ndani ya tirka hiyo.

Akiuliza: "Je, tuwafukuze watu wote waliokaa juu ya ardhi iliyotwaliwa zamani?" Ajibiwe: la. Dhulma haiondolewi kwa dhulma. Aliyenunua kwa nia njema naye ana haki ya kumdai aliyemuuzia. Mahali ambapo kitu chenyewe hakiwezi kurudi bila kumvunja asiye na kosa, hulipwa thamani. Lakini kulipa thamani kwaanza kwa kukiri kwamba deni lipo, na kukiri huko ndiko watu wanakokukimbia.

VIII. KURUDISHA KUNAWEZEKANA

Asikate tamaa mtu, akasema kwamba hayo ni maneno ya kitabuni tu. Yako yaliyorudi.

Fuvu la Mtwa Mkwawa wa Uhehe, aliyekufa mwaka 1898 kwa kukataa kutekwa, lilichukuliwa Ujerumani. Mwaka 1919 mapatano ya Versailles yaliagiza lirudishwe. Halikurudi mpaka mwaka 1954, nalo sasa liko Kalenga. Miaka 35 ilipita kati ya ahadi na kitendo, hata hivyo lilirudi, kwa sababu wenyewe hawakuacha kulidai. Mafuvu mengine ya watu wa nchi hii yangaliko Berlin, pamoja na mifupa ya mnyama mkubwa wa kale iliyochimbwa Tendaguru, karibu na Lindi, tangu 1909 hata 1913. Na tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wadachi katika vita vya Maji Maji. Kuomba msamaha ni mlango wa toba. Nasi tumekwisha kusema kwamba toba ya haki ya mja haitimii mlangoni.

Katika mahkama zetu vilevile. Mwaka 1992 ilitungwa sheria iliyofuta haki za mila za ardhi katika vijiji na kuwazuia watu wasidai mahkamani. Baba mmoja na mwanawe, wakulima wa Mkoa wa Arusha, hawakukubali. Mwaka 1994 Mahkama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilihukumu kwamba haki ya mila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kuitwaa pasipo fidia ni kinyume cha Katiba. Neno la mwaka 1923 likapata mpinzani wake. Sheria za mwaka 1999 zikafuata, zikasema kwamba Rais huishika ardhi kama mdhamini wa wananchi, kwamba haki ya mila ni sawa na haki ya hati, na kwamba atwaliwaye ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na ya haraka. Mdhamini, ndugu zangu, ni mtu wa amana. Hapo sheria ya nchi imelisema neno ambalo sharia hulijua vizuri, na tuna haki ya kumkumbusha mdhamini maana yake.

Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, waishio kwa kuwinda na kuchimba mizizi, walipewa hati ya mila ya pamoja juu ya ardhi yao. Na katika nchi ya Kenya, Waogiek wa msitu wa Mau walishinda mwaka 2017 katika Mahkama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyoko Arusha. Mwaka 2022 mahkama hiyo iliamuru walipwe shilingi milioni 157 na elfu 850 za Kenya, na ardhi yao ya asili warudishiwe. Kuhukumu ni jambo moja na kutekeleza ni jingine. Lakini hukumu ikiisha kuandikwa, hakuna tena anayeweza kusema kwamba ardhi ile haikuwa na mwenyewe.

IX. WAJIBU WETU HAPA ZUZU

Elimu isiyofuatwa na kitendo ni mzigo. Basi tuyashike haya:

Kwanza: usinunue ardhi pasipo kuuliza asili yake. Muulize mwenyewe, waulize majirani wa mipaka yote minne, uwaulize na wazee. Bei rahisi mno ni dalili, na mwenye akili huiogopa.

Pili: usimtilishe mtu dole gumba katika karatasi asiyoweza kuisoma. Asomewe, afasiriwe kwa Kigogo ikiwa ndiyo lugha aifahamuyo, na wawepo mashahidi waadilifu.

Tatu: usiwaruke wajane na mayatima. Shamba la marehemu si la ndugu mwenye sauti kubwa. Kumlalamikia mkoloni kwa kutwaa ekari elfu, kisha wewe ukatwaa ekari mbili za mke wa nduguyo, ni kujihukumu mwenyewe.

Nne: hata nia njema haihalalishi. Tukitaka kujenga msikiti, haifai tuujenge juu ya ardhi iliyonyang'anywa. Ibada haifunikii unyang'anyi.

Tano: ukitwaliwa ardhi kwa kazi ya umma, usitukane na usinyamaze. Dai kwa maandishi fidia kamili, ya haki na ya haraka, ushike nakala. Haki isiyodaiwa huchukuliwa kuwa imesamehewa.

Sita: wakalisheni watoto karibu na wazee, wasikie khabari za Mtunya kama walivyozipokea kwa mama na baba zao, waziandike. Aliyeiona njaa ile kwa macho yake hayupo tena, na aliyesimuliwa naye anaondoka.

Saba: asichekwe mtu kwa kabila lake mbele yetu, katika madrasa, sokoni, wala garini. Heshima ya Mgogo hairudishwi na mahkama ya Arusha wala na Berlin. Hiyo iko katika ndimi zetu, nasi twaweza kuirudisha leo kabla ya jua kuchwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuepushe na kuwa mkono miongoni mwa mikono ya dhulma, atujaalie kuijua haki na kuirudisha kwa wenyewe. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.

MASWALI YA KUDURUSU

1. Ni nini ghasbi, na hukumu zake ni ngapi?

2. Kwa nini aliyenunua kwa mnyang'anyi hudaiwa, ingawa hakujua?

3. Amri ya 1895 na sheria ya 1923 zilitwaa nini kwa mwenye nchi, ilhali nyumba yake haikuguswa?

4. Kinga tatu za Wagogo dhidi ya njaa zilikuwa zipi, na zilikwenda wapi kabla ya Mtunya?

5. Mwanafunzi ajichunguze: katika aliyonayo leo, yaani shamba, kiwanja au neno la ulimi, kuna kitu gani ambacho mwenyewe yuakingoja?